Je, Wajua? Bruda nzuri haina kona

Vifaranga wakihisi baridi hukimbilia kona, hupandana, na wa chini hufa kwa kukosa hewa. Ndiyo maana mfugaji mzoefu hutengeneza bruda (sehemu ya kulelea vifaranga) kwa kukunja hadibodi au mkeka ukawa duara, akamwaga maranda chini. Gazeti tupu halifai: linateleza, na kifaranga anayeteleza siku za mwanzo huishia na miguu iliyotanuka kama anayepiga msamba.

Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzijoto 32 hadi 35 za Selsiasi, kisha unapunguza kama 3 kila wiki mpaka malaika yapishe manyoya. Huna kipimajoto? Watazame wenyewe. Wakirundikana chini ya taa ya kuwapa joto, wanaona baridi. Wakijibanza pembeni midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika, wakidonoa na kulia taratibu, usiguse kitu.

Umeme ukikatika, chungu cha mkaa husaidia (bibi zetu hawakuwa na taa), lakini mkaa uwashwe nje hadi ukolee, na dirisha libaki wazi kiasi. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, wala haichagui kati ya kifaranga na mfugaji aliyelala chumba kimoja nao.