Kamera za Kutega Vilimani Klipriviersberg

Kusini mwa jiji la Johannesburg, kilomita chache tu kutoka katikati ya mji, ipo hifadhi ya Klipriviersberg, iliyotangazwa rasmi mwaka 1984, yenye takriban hekta 680 za vilima vya mawe na majani marefu. Mwenye kuitembelea mchana hukutana na punda milia na nyumbu weusi. Ama fungo, kanu, nungunungu na bweha, hao wengi wao ni watu wa usiku, na lau si kamera za kutega, jirani zao wa mjini wasingalidhani kwamba wamo.

Kamera hiyo hufungwa kwenye shina au nguzo, kiasi cha urefu wa goti, ikaelekea njia ipitwayo na wanyama. Ndani yake kuna kihisi kitambuacho mwendo wa mwili wenye joto lisilolingana na la mahali ulipo, na papo hapo picha hupigwa, gizani kwa nuru isiyoonekana na macho ya binadamu. Udhia wake ni majani: yakipashwa na jua na kutikiswa na upepo, huihadaa kamera ikapiga mamia ya picha tupu, ndiyo maana mtafiti hodari huyafyeka kwanza.

Walakini kupata picha ni jambo jepesi. Taabu imo katika hesabu. Picha kumi za kanu zaweza kuwa za kanu mmoja, naye hutambulikana kwa madoa yake, yasiyofanana na ya mwenziwe. Bweha hana madoa ya namna hiyo, basi idadi yake hukadiriwa kwa njia nyingine ndefu zaidi. Tena wingi wa picha nao ni taabu: kule Serengeti, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walitega kamera 225 tangu mwaka 2010, na kufikia 2013 walikuwa na mafungu milioni 1.2 ya picha, ambayo watu zaidi ya 28,000 walijitolea kuyachambua kwa intaneti.

Na picha peke yake si ushahidi timamu: sange wa milima ya Udzungwa, Tanzania, alinaswa na kamera mwaka 2005, lakini ilibidi akamatwe na kuchunguzwa ndipo mwaka 2008 atangazwe kuwa spishi mpya. Vivyo hivyo, fungo kutotokea pichani hakumaanishi kwamba hayupo. Kwa hiyo, msomaji, uletewapo habari kwamba mnyama fulani ametoweka hifadhini, uliza kwanza: kamera ngapi zilitegwa, wapi, na kwa siku ngapi?