Moyo Unapokwenda Mbio Mlangoni pa Usaili

Mwaka 1964 Laurence Olivier alikuwa mkurugenzi wa National Theatre ya London na mwigizaji aliyetajwa kwa heshima Uingereza nzima. Mwaka huohuo hofu ya jukwaa ikamvamia. Alipocheza Othello, alimwomba Frank Finlay, aliyekuwa Iago, kila atokapo jukwaani asiende mbali. Asimame pembeni, pale ambapo angeweza kumwona. Hofu hiyo ilimwandama kwa takriban miaka mitano.

Kijana anayesubiri jina lake liitwe kwenye usaili, iwe Bagamoyo, Nairobi au New York, mara nyingi huhesabu kutetemeka kwake kuwa ushahidi kwamba hana kipaji. Si kweli hata kidogo. Ubongo ukishatambua kwamba mtu anakwenda kupimwa, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo hupiga haraka, mishipa midogo ya ngozi hubana na viganja vikapoa, mate hukauka, pumzi hupanda juu kifuani na kuwa fupi. Mwili unajiweka tayari kwa kazi kubwa. Kazi ya maandalizi ni kuuzoesha kuimba na kusema ukiwa katika hali hiyohiyo.

Sauti ndiyo huumia kwanza. Ndani ya kikoromeo kuna nyuzi mbili ndogo, na mwimbaji anaposhika ile noti ambayo okestra huitumia kupatanisha ala zake, nyuzi hizo hugongana na kuachana mara 440 kwa sekunde. Kinachoziendesha ni hewa kutoka mapafuni, nayo ikija kwa kukatikakatika, noti huyumba. Ndiyo maana mazoezi ya kutoa pumzi polepole yana faida kubwa kuliko kurudia wimbo mara ya mwisho kwenye korido.

Maji nayo yana kanuni yake. Wengi hunywa chupa nzima mlangoni, lakini maji yanayomezwa hupita njia ya chakula wala hayazigusi nyuzi za sauti. Nyuzi hupata unyevu kutoka mwilini, kwa hiyo anayetaka koo laini asubuhi aanze kunywa tangu jana yake. Katika kupasha sauti, mtafiti wa Marekani Ingo Titze amekuwa akihimiza kitu rahisi mno: kuvumisha sauti kupitia mrija mwembamba wa kunywea soda. Mrija huzuia hewa kidogo, shinikizo likarudi nyuma, na nyuzi zikatetema bila kugongana kwa nguvu. Mrija mmoja tu, na hauhitaji mwalimu wa gharama.

Kisha kuna kumbukumbu. Mwaka 1967 Barbra Streisand alisahau maneno ya nyimbo zake mbele ya umati katika bustani ya Central Park, na kwa miaka 27 aliepuka matamasha ya kulipiwa. Namna ya kushika maneno ili yasipotee hivyo imechunguzwa: wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa Marekani matini ya kusoma. Wengine waliisoma tena. Wengine waliifunika na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, wenzao 42. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006. Anayekesha akipitisha macho kwenye mistari yake anajidanganya kwamba ameimeza.

Waigizaji wazoefu wana njia nyingine zaidi. Mwanasaikolojia Helga Noice, pamoja na Tony Noice, mwigizaji na mwongozaji, waligundua kwamba waigizaji hao hawaanzi kwa kukariri. Huuliza kila mstari swali moja: mhusika anataka nini kwa mwenzake anaposema hivi? Ambembeleze, amtishe, amfiche jambo? Lengo likieleweka, maneno hufuata, na mstari uliofungamana na mwendo wa mwili hushika zaidi.

Katika usaili wa michezo ya muziki Broadway, mwombaji mara nyingi hupewa vipimo 16 tu vya wimbo. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, mapigo manne kila kipimo, hizo ni sekunde 32. Hakuna nafasi ya kupata moto katikati.

Basi hofu ifanywe nini? Alison Wood Brooks wa Harvard, katika utafiti wa mwaka 2014, aliwaweka watu waimbe karaoke mbele ya mgeni, mashine ikiwapa alama. Waliotakiwa kusema kwanza kwamba wana wasiwasi walipata wastani wa asilimia 53. Waliosema wana hamu walifika takriban 80. Moyo ulikuwa bado unakwenda mbio kwa wote. Na watafiti wa Uholanzi walionyesha, kwa wachezaji wa mpira wa kikapu, faida ya kufanya mazoezi chini ya shinikizo: waliozoezwa hivyo hawakuporomoka siku ya kupimwa.

Mwenye usaili wiki ijayo asijifungie chumbani. Akimbie kidogo mpaka moyo udunde, kisha papo hapo aimbe kipande chake mbele ya mama mdogo, jirani, au yeyote atakayekubali kukaa kimya na kumkodolea macho.