Probox imekufa na uko Rapsu? Hivi ndivyo utanunua injini ya ex-Japan bila kuchezwa

Wacha tuseme uko Rapsu. Probox yako imepiga kazi miaka mingi, inabeba vitunguu, nyanya na wasee hadi Kinna, inarudi na unga na mafuta ya kupika. Sasa imeanza kutoa moshi wa bluu, oili inaisha kila wiki, na mlima kidogo tu inalia. Fundi amefungua boneti, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Hii sasa tafuta injini."

Doo unaweza kupata ukiuza mbuzi kadhaa. Kazi iko kwa kupata mtu wa kumpelekea hiyo doo. Maduka mengi ya injini yako Nairobi, pale Kirinyaga Road ambayo wazee bado wanaiita Grogan, na kule Industrial Area. Kutoka Isiolo mjini hadi Nairobi ni kama kilomita 280, na hapo hujahesabu vumbi la kutoka Rapsu kufika barabara kubwa.

Msee wa Nairobi akiuziwa injini mbovu, kesho anaipakia kwa mkokoteni anairudisha. Wewe kuirudisha ni lori, ni siku mbili, ni simu ambazo hazishikwi. Ndio maana kila kitu unataka kuhakikisha, hakikisha kabla injini haijapanda lori. Hii hapa ndio njia.

Kwanza, "ex-Japan" inamaanisha nini?

Japani wana ukaguzi mkali wa magari unaoitwa shaken. Gari jipya la kibinafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na si bei rahisi. Wengi huona afadhali waachane na gari kuliko kulipia ukaguzi na ukarabati. Gari linavunjwa, injini inatolewa ikiwa bado na nguvu, inaingia kwa kontena na kushuka Mombasa.

Lakini si kila injini inayoitwa ex-Japan imetoka Japani moja kwa moja. Zingine hupitia Sharjah na Dubai, kwenye soko kubwa la spea kuukuu. Na zingine zimetolewa kwa gari la hapa hapa Kenya lililopata ajali, zikaoshwa na kupakwa rangi ya silva.

Na ukiambiwa "hii imetembea kilomita 60,000 pekee", cheka kidogo. Kipimo cha kilomita hukaa kwenye dashibodi, na dashibodi ilibaki Japani. Injini yenyewe haina mahali imeandika imetembea wapi. Muuzaji mkweli atakwambia hajui. Huyo ndiye wa kuendelea kuongea naye.

Jua namba kabla ya kupiga simu

Ukiuliza tu "uko na injini ya Probox?", umeshajionyesha mgeni. Probox ya kwanza, iliyoanza kutengenezwa 2002, ilikuja na injini mbili za petroli: 2NZ-FE ya 1300cc na 1NZ-FE ya 1500cc. Kwa macho zinafanana kama mapacha. Kuna broka atakuuzia ya 1300 kwa bei ya 1500, na utajua ukiwa umebeba magunia na gari limekataa kupanda.

Kuna mtego mwingine. 1NZ-FXE ni ya magari ya haibridi kama Prius na Aqua. Jina linakaribia kufanana, lakini imetengenezwa kufanya kazi ikisaidiwa na mota ya umeme. Usikubali uambiwe "ni ile ile tu".

Kwa hivyo tuma mambo haya matatu: kodi ya injini yako, gia ni manyuo ama otomatiki, na throttle ni ya kebo ama ya umeme. Hiyo ya mwisho watu huisahau. Ukipewa ya umeme na gari lako ni la kebo, utaanza kutafuta kompyuta na waya zingine, na hesabu yote inabadilika.

Muuzaji mpime hivi

Usianze na bei. Mwambie akupigie video ukiwa hewani, si ile amerekodi. Aonyeshe namba iliyochapwa kwenye bloki, na kando yake karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Hii inazuia ile mchezo ya kuonyeshwa injini safi halafu unatumiwa ndugu yake mgonjwa.

Kisha muulize duka liko jengo gani, na umwombe PIN ya KRA ya biashara. PIN unaweza kuihakikisha bure kwenye iTax. Ukilipa, lipa kwa till ama paybill yenye jina linalolingana na risiti. Akikwambia utume kwa namba ya "kijana wangu" kwa sababu till ina shida leo, hiyo shida iache na yeye.

Pia ulizia bei kwa maduka matatu. Bei hupanda na kushuka na dola, lakini mmoja akiwa chini sana kuliko wenzake, jiulize hiyo injini ilitoka kwa nani.

Tuma fundi, lakini mlipe wewe

Kama huwezi kwenda, tuma fundi unayemwamini. Mlipe siku yake na nauli yake vizuri. Mafundi wengi hupewa kitu kidogo na duka wakileta mteja, na fundi aliyelishwa na duka haoni ufa. Ukimlipa wewe, anakufanyia wewe kazi.

Akifika, aangalie haya:

- Oili. Afungue kifuniko na achomoe kijiti. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Ikiwa tope jeusi lililoganda, huyo mwenye gari hakuwa akibadilisha oili.
- Silikoni mpya. Injini ambayo haijaguswa huwa na gundi ya kiwanda, nyembamba na safi. Ukiona silikoni imemwagika kila mahali, imefunguliwa hapa na mtu. Rangi mpya juu ya bolti ni ishara hiyo hiyo.
- Kuzunguka. Aizungushe kwa spana. Ikikwama ama ikikwaruza, aache. Injini iliyokaa na plagi wazi kwenye hewa ya bahari hushika kutu ndani ya silinda.
- Kompreshani. Hapa ndipo ukweli hutoka. Geji inaingia mahali pa plagi, injini inazungushwa na stata, throttle ikiwa wazi kabisa. 1NZ-FE iliyo na afya husoma karibu psi 210. Toyota haitaki ishuke chini ya 156, wala silinda zipishane kwa zaidi ya 14. Silinda moja ikiwa chini peke yake, wacha hiyo injini hata kama bei ni tamu.
- Kuiwasha. Maduka mengi yanaweza kuiwasha pale chini na betri. Isikike, na moshi uonekane.

Duka likikataa kompreshani kwa sababu "hatuna wakati", umeshapata jibu. Asanteni, kwaheri.

Makaratasi ndio yatakulinda

Logbook yako ina namba ya injini ya zamani. Ukibadilisha injini, unatakiwa kujulisha NTSA ili namba ibadilishwe. Maombi hufanywa kupitia eCitizen, na gari hukaguliwa. Hapo ndipo utaulizwa hii injini ulitoa wapi.

Kwa hivyo dai risiti ya eTIMS yenye kodi na namba kamili ya injini, pamoja na nakala ya karatasi za forodha zinazoonyesha iliingia nchini kihalali. Kama imetoka kwa gari la hapa Kenya, omba karatasi za gari hilo.

Usione hii ni kusumbuana. Kupatikana na mali ya wizi ukijua, ama ukiwa na sababu ya kujua, ni kosa ambalo Sheria ya Adhabu inaweza kukufungia hadi miaka 14. Na siku ya ajali, kampuni ya bima ikikuta namba kwa injini si ile ya logbook, utaeleza hadi uchoke.

Waranti ya mdomo haipiti Isiolo

Maduka mengi hutoa waranti fupi. Swali lako ni: siku zinaanza kuhesabiwa lini? Kama ni siku inatoka dukani, zitaishia kwa lori na kwa foleni ya fundi. Omba ianze siku ya kuwashwa, iandikwe kwenye risiti, na iseme wazi nani atalipa usafiri ikirudishwa. Akikataa kulipia usafiri wote, mkubaliane nusu. Bora iandikwe.

Ukichezwa hata baada ya hayo yote, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiza kesi za hadi shilingi milioni 1, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka uamuzi utoke ndani ya siku 60. Risiti, jumbe za WhatsApp na ile video ndio mashahidi wako. Zisifute.

Injini imefika. Usikimbilie kuifunga

Uliza ile ya kwanza ilikufa kwa nini. Kama rejeta iliziba, injini mpya itachemka vile vile, na joto la huku halina huruma. Safisha rejeta, weka thermostati mpya, badilisha oili na filta zote, hasa filta ya hewa kwa sababu ya vumbi. Angalia pampu ya maji na sili za nyuma sasa, wakati injini iko chini na mkono unafika. Na soma masharti ya waranti: nyingi hufa pale tu injini inapochemka.

Piga picha ya ile namba tena kabla haijaingia kwa gari, uilinganishe na ya risiti. Zikitofautiana hata herufi moja, pigia duka simu kabla ya fundi kushika spana.

Hao mbuzi ulichunga miaka. Muuzaji wa kweli hatakasirika ukimuuliza maswali haya, yeye mwenyewe huyauliza akinunua kontena. Mwenye kukasirika mwachie injini yake.

Wewe je, ulinunua injini ikakubeba ama ikakuangusha? Tuambie vile ilienda.