Paka Wako Ako Karibu Kuzaa? Hii Hapa Rada Yote Kabla Kuwake Usiku

Paka wangu wa kwanza alizaa ndani ya beseni ya nguo chafu, saa nane usiku, mimi nikiwa nimesimama hapo na tochi ya simu sijui nishike wapi. Watoto watatu walitoka fiti. Wa nne alitoka akiwa bado ndani ya mfuko wake, na mathe yake alikuwa bize kulamba wa tatu. Nikajiambia paka hujipanga wenyewe. Kumbe hapo ndio nilifaa kuingilia. Dakika chache tu, kakawa kameenda.

Hiyo kitu bado hunisumbua, so wacha nikupee story mapema. Ukweli ni kwamba paka wengi huzaa bila noma. Kazi yako ni kumpangia, kumwangalia kwa umbali, na kujua ni lini mambo yameenda kombo.

1. Hesabu siku

Mimba ya paka hukaa kama siku 63 hadi 65, yaani wiki tisa hivi. Kama hujui alishika lini, maana alipitia tu dirishani akarudi asubuhi, angalia mwili. Karibu wiki ya tatu chuchu huwa za pinki na kubwa. Wiki ya tano tumbo linaanza kuonekana. Siku za mwisho, akilala kando unaweza kuona watoto wakisonga ndani.

2. Msosi

Saa hii anakulia mbogi nzima, lakini tumbo limebanwa. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Chakula cha watoto wa paka ndio kina nguvu zaidi. Kama mfuko umekauka, chemsha omena bila chumvi, ongeza yai lililoiva au kuku bila mifupa. Ugali peke yake haimtoshi. Maziwa ya ng'ombe huharisha paka wengi, so mwekee maji safi.

Na usimpake dawa ya viroboto ya mbwa. Nyingi zina permethrini, na hiyo huua paka.

3. Mtengenezee leba

Huhitaji doo hapa. Tafuta katoni kubwa, kata mlango mdogo mbele, tandika tisheti zako za zamani. Weka kona tulivu yenye joto, mbali na spika na mlango wa keja. Fanya hivyo wiki mbili mapema ndio azoee. Akiikataa akaingia chini ya kitanda, usibishane naye. Sukuma katoni hapo hapo.

Usioshe mahali hapo na Dettol, ni sumu kwa paka. Maji moto na sabuni inatosha.

4. Dalili ziko hivi

Anaacha kula, anazunguka, anachimba matandiko, analia na anajilamba nyuma. Wengine wanakufuata hadi chooni, wengine wanajificha. Joto la mwili, ambalo kwa kawaida ni kati ya 38 na 39, mara nyingi hushuka chini ya 37.8 siku moja kabla. Kama ni mimba ya kwanza, hii hatua inaweza kumaliza hata siku nzima. Usipanikiki, na usiite majirani waje kuangalia sinema.

5. Kukiwaka

Watoto hutoka wakipishana kama dakika kumi hadi saa moja. Wengine hutanguliza miguu ya nyuma, hiyo ni kawaida. Kila mmoja ana kondo lake. Yahesabu, kwa sababu likibaki ndani linaweza kuleta maambukizi. Mathe akiyala, wacha ale.

Sasa hapa ndipo nilichezea mtoto wa nne. Kama mathe hajapasua mfuko ndani ya dakika moja hivi, nawa mikono, upasue wewe ukianzia puani. Panguza pua na mdomo, halafu sugua mwili na taulo kavu mpaka kalie. Kisha mrudishie mathe yake. Hatamkataa eti kwa sababu umemshika.

6. Mpigie daktari wa mifugo haraka kama:

- Anasukuma kwa nguvu nusu saa na hakuna mtoto.
- Mtoto ameonekana lakini amekwama. Usimvute kwa nguvu.
- Damu mbichi inamwagika nyingi, au kuna uchafu unaonuka.
- Uchafu wa kijani umetoka kabla ya mtoto wa kwanza.
- Mathe amelegea au anatetemeka, hata siku kadhaa baada ya kuzaa.
- Siku 67 zimepita na kuko kimya.

Seivu namba ya daktari leo, sio saa nane usiku. Kama uko Nairobi, Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama pale Kabete. Usikubali msee wa agroveti akuuzie sindano ya kuharakisha uchungu: kama mtoto amekwama, kizazi kinaweza kupasuka. Na Panadol usijaribu kabisa, itamuua.

Baada ya hapo

Hakikisha wote wamenyonya mapema na wako kwa joto, maana hawawezi kujipasha wenyewe. Mtoto huzaliwa na kama gramu 100 na anafaa kuongeza kama gramu 10 kila siku. Mizani ya jikoni itakuambia mapema nani amebaki nyuma.

Mwisho kabisa: mathe anaweza kushika mimba tena akiwa bado ananyonyesha. Mfungie ndani, na watoto wakiacha kunyonya umpeleke afungwe kizazi. Wangu nilimpeleka. Kwa wale watatu, wawili walipata makwao, na wa tatu amelala juu ya kibodi yangu nikiandika hii.