Gesi Sahihi kwa Jiko Sahihi: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Mtungi

Mwananchi anayefika kwa wakala wa gesi kwa mara ya kwanza hukuta mitungi imepangwa kwa rangi na kwa ukubwa, na mara nyingi huulizwa swali moja tu: anataka ya kilo ngapi. Hujibu kulingana na fedha aliyonayo, akalipa na kuondoka. Baada ya wiki chache manung'uniko huanza. Mtungi umeisha mapema, moto ni dhaifu asubuhi ya baridi, sufuria zimeshika masizi, au nyama imeungua nje na kubaki mbichi ndani. Baadhi huhitimisha kuwa gesi haifai, wakarejea kwenye mkaa.

Mara nyingi kosa si la gesi bali la uchaguzi. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo halitafikiwa kwa kugawa mitungi pekee. Litafikiwa pale kaya, mama lishe na mchoma mishikaki watakapopata gesi inayolingana na jiko, kazi na mahali pa kupikia. Makala hii inaeleza namna ya kuchagua.

Kilichomo ndani ya mtungi

Gesi ya mitungi inayouzwa madukani ni gesi ya petroli iliyogandamizwa hadi kuwa kimiminika. Huwa ni mchanganyiko wa gesi mbili, propani na butani. Jiko linapofunguliwa, kimiminika hicho huchemka ndani ya mtungi na kugeuka mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka.

Tofauti kubwa ya gesi hizi mbili ipo kwenye baridi. Propani huchemka hata katika nyuzi joto 42 chini ya sifuri, ilhali butani huacha kuchemka joto linapokaribia sifuri. Kwa wakazi wa mabondeni na maeneo ya joto tofauti hiyo haionekani. Kwa wakazi wa kata za milimani, hasa miezi ya Juni na Julai, huonekana wazi. Propani hutangulia kutoka, na kinachobaki chini ya mtungi huwa na butani nyingi. Ndiyo sababu mtungi uliolala nje usiku kucha huweza kutoa moto hafifu asubuhi, ingawa ukiutikisa unasikia kimiminika ndani.

Katika hali hiyo baadhi ya watu hulaza mtungi, huuinua kitako juu, au huuweka karibu na makaa ili upate joto. Mambo hayo yote ni hatari. Mtungi uliolala hupeleka kimiminika kwenye mpira na jiko, na moto unaweza kulipuka ghafla. Mtungi uliopashwa joto huongeza msukumo wa gesi ndani yake. Njia sahihi ni kuuacha umesimama, kuusogeza mahali pasipo na baridi kali na penye hewa ya kutosha, na kupika kwa moto wa kiasi.

Gesi asilia na gesi ya samadi

Wapo wananchi waliosikia kuwa ndugu zao wa Dar es Salaam, Lindi au Mtwara wanapika kwa gesi inayofika jikoni kwa bomba. Hiyo ni gesi asilia inayochimbwa nchini, ambayo sehemu yake kubwa ni methani. Ni nishati nzuri, lakini si sawa na ya mtungi. Kwa ujazo ule ule, mvuke wa gesi ya mtungi una joto zaidi ya mara mbili ya gesi asilia. Kwa hiyo vitundu vinavyotoa gesi kwenye jiko la gesi asilia hutengenezwa kuwa vikubwa zaidi. Jiko lililoletwa kutoka nyumba yenye gesi ya bomba, likiunganishwa kwenye mtungi bila fundi kubadilisha vitundu hivyo, hutoa moto mkubwa wa njano wenye moshi. Kabla ya kununua jiko, hasa lililotumika, mnunuzi asome kibandiko chake kinachoonesha limetengenezwa kwa gesi ipi.

Kwa mfugaji mwenye ng'ombe wa ndani ipo njia ya tatu, nayo ni gesi ya samadi au bayogesi. Samadi na maji huingizwa katika mtambo uliojengwa chini ya ardhi, na vijidudu huichachua pasipo hewa hadi itoe methani. Mfugaji mwenye ng'ombe wawili au watatu wanaolishwa bandani anaweza kupata gesi ya kupikia chakula cha kaya, na tope linalobaki ni mbolea nzuri. Hata hivyo uchachukaji hupungua sana katika baridi, na gesi hiyo haijazwi kwenye mitungi ya kawaida. Inafaa chai, uji na mboga za nyumbani zaidi ya biashara ya kuchoma nyama.

Ukubwa wa mtungi ufuate ukubwa wa moto

Kilo moja ya gesi ya mtungi ina nishati ya takribani kilowati-saa 13. Jiko dogo la nyumbani lenye nguvu ya kilowati 3 hutumia takribani gramu 230 kwa saa likiwa wazi kabisa. Kwa hesabu hiyo mtungi wa kilo 6 huwaka takribani saa 26 za moto mkubwa, na zaidi ya hapo mpishi akipunguza moto baada ya chakula kuchemka. Huo unatosha kaya ndogo inayopika vyakula vyepesi.

Mambo hubadilika kwa mama lishe au mchoma nyama. Jiko la kuchomea lenye nguvu ya kilowati 10 hutumia karibu gramu 780 kwa saa. Mtungi wa kilo 15 utalihudumia kwa saa 19 hivi, na wa kilo 38 kwa saa 48. Anayechoma saa tano kila jioni atamaliza mtungi wa kilo 15 katika siku ya nne, na wa kilo 38 katika siku ya kumi.

Mtungi mdogo ukiunganishwa kwenye jiko kubwa haupungukiwi muda tu. Kimiminika kinapochemka huchota joto kutoka kwenye kuta za mtungi. Jiko likidai mvuke mwingi kuliko uwezo wa kuta hizo, mtungi hupoa, hutoka jasho la umande, na moto hufifia huku gesi ikiwa bado ipo. Mtungi mkubwa una kuta pana zaidi, hivyo hustahimili moto mkubwa kwa muda mrefu.

Kuchoma kwa gesi

Wateja wengi huamini kuwa ladha ya nyama choma hutoka kwenye mkaa wenyewe. Kwa sehemu kubwa ladha hiyo hutokana na mafuta ya nyama yanayodondoka kwenye kitu cha moto, yakaungua na kurudi juu kama moshi. Jiko zuri la gesi la kuchomea huwa na mabamba ya chuma au mawe juu ya moto kwa kazi hiyo. Mabamba hayo husambaza joto na kuzuia mafuta kuingia kwenye vitundu vya gesi.

Mishikaki na samaki wembamba huhitaji joto kali kwa muda mfupi. Mbavu, paja na kuku mzima huhitaji joto la wastani kwa muda mrefu. Kwa hiyo anayechoma vyote achague jiko lenye sehemu mbili zinazofunguliwa kila moja peke yake, ili upande mmoja uwe mkali na mwingine wa kuivisha taratibu.

Jambo moja lisifanyike kabisa: kuweka wavu mpana wa kuchomea, au sufuria pana kupita kiasi, juu ya jiko lililofungwa moja kwa moja kwenye kichwa cha mtungi wa kilo 6. Joto hugonga wavu na kurudishwa chini kwenye vali na mtungi. Kuchoma kunahitaji jiko linalosimama peke yake, lililounganishwa kwa mpira na kuwekwa mbali na mtungi.

Mizani kabla ya fedha

Uzito wa mtungi mtupu huandikwa kwenye mtungi wenyewe. Mtungi mtupu ukiwa na kilo 7.2, basi ule wa gesi ya kilo 6 unapaswa kusoma kilo 13.2 kwenye mizani. Wakala wa gesi anatakiwa kuwa na mizani dukani, na mnunuzi ana haki ya kuomba mtungi upimwe mbele yake kabla ya kulipa. Kuupima tena nyumbani huonesha pia kiasi kilichobaki, bila kubahatisha kwa kuutikisa.

Kuhusu kulinganisha gharama, kilo moja ya gesi hutoa joto la takribani megajuli 46, na karibu nusu yake hufika kwenye sufuria. Kilo moja ya mkaa mkavu hutoa takribani megajuli 30, lakini katika jiko la kawaida la bati ni karibu sehemu moja ya tano tu inayofika kwenye chakula. Kwa makadirio hayo, kilo moja ya gesi hufanya kazi ya karibu kilo nne za mkaa. Mwananchi anaweza kupiga hesabu mwenyewe kwa bei za sokoni kwake: ikiwa kilo nne za mkaa zinagharimu zaidi ya kilo moja ya gesi, gesi ni nafuu. Kinachowashinda wengi ni kulipia gesi ya mtungi mzima kwa mara moja, ilhali mkaa hununuliwa kwa kopo.

Usalama hauchaguliwi, ni lazima

Gesi ya mtungi haina harufu kwa asili. Harufu kali huongezwa makusudi ili uvujaji utambulike. Aidha ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hushuka na kutanda sakafuni. Mtungi usiwekwe shimoni, chumba cha kulala wala mahali pasipo na mlango au upenyo wa hewa upande wa chini.

Regulata na mpira vilingane na aina ya vali ya mtungi na aina ya jiko. Regulata ya jiko kubwa la biashara isifungwe kwenye jiko dogo la nyumbani, wala mpira usikazwe kwa waya au kamba. Baada ya kufunga, paka povu la sabuni kwenye maungio; likitoa mapovu yanayokua, pana uvujaji. Kiberiti kisitumike kamwe kwa ukaguzi huo. Moto wa bluu ni dalili njema. Moto wa njano wenye masizi huashiria kuwa hewa haitoshi au vitundu vimeziba, na moto wa namna hiyo unaweza kutoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Harufu ya gesi ikisikika ndani ya nyumba, usiwashe wala kuzima taa au kifaa chochote cha umeme. Funga vali ya mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu nje, kisha ukiwa nje piga simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Msaada unaopatikana

Kwa mujibu wa sheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha mama lishe au cha wachoma nyama kilichosajiliwa kinaweza kuandika mradi wake ukajumuisha jiko na mitungi inayolingana na kazi yake. Maelezo ya usajili na maombi hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Kabla ya kwenda kwa wakala, kila mnunuzi aandike mambo matatu: anapika au kuchoma nini, kwa saa ngapi kwa siku, na mtungi utakaa wapi. Akiwa na majibu hayo, atajua mtungi wa kilo ngapi unamfaa kabla hajaulizwa.