Mifereji Kwanza, Lami Baadaye

Nakuru ilipewa hati ya kuwa jiji tarehe 1 Desemba, 2021. Pande za Kiamunyi, kando ya barabara iendayo Kabarak na Eldama Ravine, mashamba mengi yamekatwa viwanja na nyumba zimejengwa. Watu huuliza kwa nini mafundi wa barabara huchimba mifereji na kushindilia udongo siku nyingi kabla ya kutia lami.

Sababu ni ardhi yenyewe. Udongo wa Nakuru umetokana na majivu ya volkano. Ni mwepesi, nao huchukuliwa upesi na maji ya mvua. Maji yakipenya chini ya lami, msingi hulegea, lami hupasuka, na mashimo hutokea. Mwezi wa Machi, 2018, baada ya mvua kubwa, barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilikatwa na ufa mkubwa.

Tena, kila nyumba mpya huongeza maji barabarani, kwa maana bati halinywi mvua kama shamba linywavyo. Maji hayo huteremka hadi Ziwa Nakuru, lisilo na mto wa kulitoa maji, pamoja na taka zote yaliyozibeba.

Basi ifahamike kwamba mtu atupaye taka mferejini, au aufukiaye ili apate njia ya kuingia kiwanjani pasipo kuweka bomba la kupitisha maji, huiharibu barabara yake mwenyewe, na ya jirani zake pia.