Tusemapo "Mwaka Mzuri", Twakusudia Nini?

Ndugu wanachama,

Msimu uliopita, kabla ya kuchuma, niliyaandikia matawi yetu nikiuliza hali ya mikarafuu. Karibu kila tawi lilijibu kwa maneno mawili: "Mwaka mzuri". Nikayajumlisha majibu hayo, nikawatangazieni kuwa mavuno yatakuwa makubwa. Wapo waliokopa fedha, wakanunua majamvi na kuweka wachumaji kambini. Karafuu hazikufika nusu ya tulizozitazamia, na madeni mengine hayajalipwa hata leo.

Nilipozunguka kuuliza niliona kosa lilipo, nalo ni langu. Tawi moja lilikusudia kuwa mvua imenyesha vizuri. La pili, kuwa mikarafuu imechipua majani mapya, nasi twajua kuwa mti unaoshughulika na majani mara nyingi hauna matumba. La tatu lilikusudia mavuno ya mwaka, si ya vuli. Hapana aliyesema uwongo. Neno lilikuwa moja, maana tatu.

Hata redioni twasikia vivyo hivyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikisema "mvua za wastani", hukusudia kati ya asilimia 75 na 125 ya kawaida ya mahali hapo kwa miaka mingi. Kama kawaida ni milimita 800, basi hata 600 ni wastani, na hata 1,000. Na wakisema "juu ya wastani" kwa vuli, yaani Oktoba hadi Disemba, baadhi yetu hufurahi kama wasikiao habari ya neema. Lakini mwenye karafuu jamvini, habari hiyo kwake ni onyo.

Wako pia wazee wasiolipenda neno "utabiri", wakiliona karibu na ramli. Ya ghaibu anayajua Mwenyezi Mungu peke yake, wala hapana abishaye. Lakini kuhesabu matumba yaliyo juu ya mti si ramli. Basi na tuyaite makisio, tusigombane kwa jina.

Kwa hiyo naomba mkutano ujao tukubaliane mambo manne:

1. Tusiandike "mwaka" peke yake. Tuandike "mavuno ya mwaka", "mavuno ya vuli", au "miezi 12".

2. Badala ya "mzuri", tuandike hesabu: katika kila mikarafuu 10, mingapi ina matumba, na tarehe iliyohesabiwa.

3. Kipimo kiwe kilo za karafuu kavu. Mbichi ikianikwa hupoteza kama theluthi mbili ya uzito wake, na mwenye kuhesabu pishi za mbichi hujidanganya.

4. Anayeandika "yatarajiwa" aseme na nguvu ya tarajio lake: mara 6 katika 10, au mara 9? Anayekopa fedha ana haki ya kujua tofauti hiyo.

Haya si maneno ya kitaalamu ya kumtisha mtu. Ni kama pishi sokoni: muuzaji na mnunuzi wakiwa na pishi mbalimbali, hapana biashara, bali ugomvi.

Mwenye neno bora kuliko haya na alilete mkutanoni, hasa wazee waliozijua dalili za mikarafuu kabla yetu. Tutaliandika daftarini pamoja na maana yake, na matawi yote yatalitumia. Nami, mpaka tukubaliane, sitatangaza tena makisio yoyote kwa neno "mzuri".

Katibu wenu